Ngara na Biharamulo: Wilaya Mbili Zilizopungua Watu

Sisi wa visiwani tukisikia neno pwani hutujia harufu ya chumvi. Bara nako kuna pwani yake, ya maji baridi, na Wilaya ya Biharamulo, magharibi ya Ziwa Viktoria, ilikuwa na mwambao mrefu wenye wavuvi na madau. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu humo watu 410,794. Na katika Ngara, jirani yake inayopakana na Rwanda na Burundi, watu 334,939. Sensa ya mwaka 2012 ikaikuta Biharamulo na watu 323,486 na Ngara na watu 320,056. Nchi nzima imeongezeka, wilaya hizi mbili za wakulima zimepungua. Asiyezijua angedhani limepita tauni.

Halikupita. Huko Biharamulo hakuhama mtu; uliohama ni mpaka. Mwaka 2005 upande wa mashariki ulikatwa ukawa Wilaya ya Chato, na mwaka 2012 Chato ikatolewa Kagera na kutiwa katika Mkoa mpya wa Geita. Mvuvi aliyelala Biharamulo aliamka Chato, na nyumba yake haikusogea hata hatua moja. Sensa ya 2012 ilihesabu Chato watu 365,127. Tukiwajumlisha na wale waliobaki, Biharamulo ya zamani haikupungua hata kidogo, bali ilikuwa imeongezeka mno.

Kilichobakia ni nchi ya ndani: miti ya miombo, mbung'o na nyika pana. Mbung'o hao, pamoja na malale wanayoyaeneza, waliwafukuza watu na ng'ombe katika sehemu nyingi za nchi hiyo wakati wa ukoloni, na pale watu walipoondoka wanyama wa mwituni wakapata makazi. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Nchi hii si ngeni kwa watu wa Unguja. Mwaka 1861 msafara wa Speke na Grant, uliotokea kwetu, ulipita hapo, katika Usui, ukielekea Karagwe, na Sidi Mubarak Bombay akiwa miongoni mwa wakuu wake. Mtawala Suwarora aliwatoza hongo hadi wakachoka. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani wakajenga boma lao pale Biharamulo, nalo lingali limesimama.

Ngara kisa chake ni kingine. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa, ambako mto Ruvubu hukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Wenyeji wake ni Wahangaza na Washubi, na Mhangaza akisema, Mrundi humwelewa bila mkalimani. Si ajabu. Bugufi, nchi ya Wahangaza, ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi. Waingereza na Wabelgiji walipogawana Afrika Mashariki ya Mjerumani mwaka 1919, ikaangukia upande wa Tanganyika na huko ikabaki. Kwa hiyo aliyevuka mpaka kuja Ngara mara nyingi alivuka kwenda kwa jamaa zake. Wanyarwanda walikimbilia humo tangu miaka ya mwanzo ya 1960, na Warundi baada ya kuuawa Rais Ndadaye mwezi Oktoba 1993.

Kisha ikafika tarehe 28 Aprili 1994. Katika muda wa saa 24, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja jembamba la Rusumo kutoka Rwanda, na chini yao Kagera ikipitisha maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kuelekea ziwani. Waliovuka wengi wao walikuwa Wahutu: waliokimbia vita, na ndani yao baadhi ya wauaji wenyewe. Wilaya ikapokea kwa siku moja watu wengi kuliko wenyeji wake wote. Kambi ya Benaco ikawa mithili ya mji, na kwa wingi wa watu ni Dar es Salaam tu iliyoipita nchini. Miti ikakatwa kwa kuni hadi mbali, wanyama wa mapori wakawindwa, vijiji vikaibiwa. Lakini mkulima wa ndizi naye akapata soko ambalo hakuwahi kuliota. Wenyeji hawakupatwa sawasawa, na haifai kuwasemea wote kwa sauti moja.

Mwezi Desemba 1996 Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilitangaza kuwa Wanyarwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengi walianza kukimbilia mashariki, ndani zaidi ya Tanzania, jeshi likawageuza. Wakavuka tena daraja lile lile. Warundi walibaki katika kambi ya Lukole kwa makumi ya maelfu, hadi ilipofungwa mwaka 2008. Hao ndio tofauti kubwa baina ya sensa ya 2002 na ya 2012: Ngara nchi ilibaki mahali pake, watu wakaondoka.

Sensa ya 2022 ilikuta kiasi cha watu 383,000 katika Ngara na 457,000 katika Biharamulo. Benaco sasa ni mji mdogo wa biashara, wanakopita madereva wa malori ya Dar es Salaam na Kigali. Jina lake ni la kampuni ya Kitaliani iliyojenga barabara hapo.