Jirani Mbele ya Hakimu: Wasimamizi wa Kujitolea na Mahakama ya Watoto Nakuru

Probesheni, yaani amri ya mahakama inayomwacha mkosaji aishi nyumbani chini ya uangalizi badala ya kufungwa, ilianza kwa watu wa kujitolea. Mwaka 1841 John Augustus, fundi viatu wa Boston, alijitwika dhamana ya washtakiwa kwa hiari yake, na sheria ya 1899 iliyoanzisha mahakama ya watoto ya Chicago iliruhusu kuteuliwa kwa waangalizi lakini ikakataza wasilipwe kutoka hazina ya umma. Nchini Kenya mambo yalikwenda kinyume, kwa kuwa sheria ya 1943, iliyoanza kutekelezwa 1946, ilimtanguliza afisa wa mshahara, na mwenye kujitolea akaja miongo kadhaa baadaye.

Katika eneo la Nakuru mpango huo ulikuwa na pengo tangu mwanzo. Mashamba ya walowezi yalikaliwa na maskwota, yaani familia za vibarua walioishi na kulima kwenye ardhi ya mwajiri bila haki ya kuimiliki. Wengi wao wakafukuzwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952, na baada ya uhuru skimu za makazi na kampuni za kununua mashamba zikaleta wakazi kutoka pande nyingi. Kwa hiyo mtoto aliyeshtakiwa kutoka Molo au Njoro huenda hakuwa na wazee wa ukoo karibu wa kumdhamini, ilhali afisa aliyepaswa kumfuatilia alikuwa mjini na mafaili mengi mkononi.

Pengo hilo ndilo lililoipa maana hatua ya miaka ya 2000, pale idara ya probesheni, ambayo maafisa wake walipata mafunzo Japani, nchi yenye sheria ya waangalizi wa kujitolea tangu 1950, ilipoanza kuwatumia wakazi wenye sifa njema, huku idara ya watoto nayo ikiwa na maafisa wake wa kujitolea. Mkazi aliyeteuliwa, yaani mteule, humtembelea mtoto, huzungumza na wazazi na walimu, kisha humpasha habari afisa, ambaye peke yake ndiye anayewajibika kwa hakimu. Mteule hana mamlaka ya kubadilisha amri yoyote.

Mpaka huo ni wa lazima, kwani ujirani unaomwezesha mteule kuyajua ya nyumbani ndio unaoweza kuyatangaza sokoni. Sheria ya Watoto ya 2001, iliyokataza kuchapishwa kwa jina, makazi na shule ya mtoto aliye mahakamani, ilimlinda dhidi ya magazeti kuliko dhidi ya minong'ono ya mtaa. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, zilizogawanya majirani wa Nakuru, Naivasha na Molo kwa misingi ya kabila, swali la nani anafaa kuaminiwa na siri ya mtoto lilizidi uzito. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, lakini haikuondoa haja ya kumsimamia msimamizi mwenyewe.