Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa (Marekani)

Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa (kifupi: NDEA) ilikuwa sheria ya Marekani iliyotoa fedha za serikali kuu ili kuboresha ufundishaji wa sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Ilitiwa saini na Rais Dwight D. Eisenhower tarehe 2 Septemba 1958.

Historia

Nchini Marekani shule husimamiwa na majimbo na wilaya, na wengi walihofia kwamba fedha za serikali kuu zingekuja na amri zake. Hali ilibadilika tarehe 4 Oktoba 1957, Umoja wa Kisovyeti uliporusha Sputnik 1, satelaiti ya kwanza ya kutengenezwa na binadamu. Seneta Lister Hill na mbunge Carl Elliott, wote wa Alabama, walitumia nafasi hiyo kupitisha muswada wao. Ili kutuliza hofu ya majimbo, sheria ilikataza serikali kuu kuingilia mitaala.

Yaliyomo

Sheria ilikuwa na sehemu kadhaa, zikiwemo:
* Mikopo ya wanafunzi wa vyuo, hadi dola 1,000 kwa mwaka kwa riba ya asilimia 3. Aliyekwenda kufundisha katika shule za umma aliweza kusamehewa hadi nusu ya deni.
* Fedha za vifaa vya maabara, ambazo majimbo yalipaswa kuzichangia.
* Ufadhili wa masomo ya juu kwa waliojiandaa kufundisha vyuoni.
* Vituo vya lugha na maeneo ya dunia. Kiswahili ni kati ya lugha zilizofundishwa vyuoni kwa msaada huo.

Upinzani

Waombaji wa mikopo walitakiwa kula kiapo cha utii na kutia saini tamko kwamba hawaungi mkono makundi yanayotaka kuipindua serikali. Vyuo vikuu vya Harvard na Yale vilijitoa katika mpango wa mikopo mwaka 1959 kwa kupinga sharti hilo. Tamko lilifutwa mwaka 1962.

Matokeo

Mikopo ya NDEA ilikuwa chanzo cha ile iliyoitwa baadaye mikopo ya Perkins, iliyodumu hadi 2017. Hata hivyo, tatizo halikumalizwa na sheria moja: mwaka 1983 ripoti ya serikali iitwayo A Nation at Risk ililalamikia tena udhaifu wa shule, ikapendekeza kila mwanafunzi wa sekondari asome sayansi kwa miaka 3.