Kilimanjaro: Sehemu Zinazosifiwa Kuliko Zinavyostahili, na Watu Ambao Vibao Haviwataji

Kila Disemba picha za Moshi zinajaa kwenye simu za watu. Wachagga wanarudi nyumbani, marafiki wanawafuata, na picha ni zile zile: maji ya bluu ya Chemka, maporomoko ya Materuni, mtu ameinama ndani ya handaki kule Marangu, na kwa wenye mkwanja wao, kibao cha Uhuru kileleni. Sio kwamba sehemu hizi ni mbaya. Ila zinauzwa kwa stori fupi mno, na mara nyingi stori hiyo imemuacha nje mtu aliyefanya kazi yenyewe, au aliyeumia.

Chemka iondolewe mapema maana haina mengi. Iko wilaya ya Hai, unashukia Boma Ng'ombe halafu unaingia kwenye vumbi. Kwa wageni inatangazwa kama maji ya moto. Sio ya moto! Jina ndilo linalowachanganya watu: maji yanabubujika kutoka chini kama sufuria iliyo jikoni, lakini moto haupo. Ni masafi kweli, na samaki wadogo wanakudonoa miguu. Ila ukienda siku ya sikukuu utaogelea katikati ya watu kibao, na spika tatu zinapiga nyimbo tatu tofauti. Ukipata Jumanne asubuhi, nenda. Kama ni Disemba 26, baki nyumbani ule ndizi.

Materuni, huko Uru, maporomoko yenyewe yanastahili sifa. Kinachopambwa kupita kiasi ni ile shoo ya kahawa baada ya kushuka. Watu wanatwanga, wanaimba, mgeni anapewa mchi naye atwange kidogo, video inachukuliwa, na anaondoka akiamini ameona mila ya Kichagga ya enzi na enzi. Kahawa ililetwa na wamisionari wakatoliki pale Kilema, miaka ya mwisho ya 1800. Kwa historia ya mlima ni mgeni wa juzi tu. Stori yake nzuri ilikuja baadaye, pale walowezi wa kizungu walipokuwa hawataki Mwafrika alime kahawa, na wakulima wakaanzisha chama chao mwaka 1925 kulinda zao lao. Kutoka hapo mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Hiyo haiimbwi kwenye mchi.

Na njiani kwenda maporomoko mgeni anaruka kamfereji ka maji bila hata kukatazama. Huo ndio mfongo. Wazungu wa kwanza kufika Uchaggani karne ya 19 walikuta mifongo tayari inapita kwenye makorongo na kuzunguka vilima, inafikisha maji kwenye migomba ya watu. Imechimbwa na koo, kwa mikono, bila mtu wa vipimo wala ramani. Mfereji una zamu zake za maji na wazee wake wa kuusimamia. Watalii wanaukanyaga ukingo wake wakiwahi kupiga picha, na hakuna anayewazuia awaambie kwamba kitu cha kale kuliko vyote watakavyoona siku hiyo kiko chini ya raba zao.

Sasa twende Marangu, kwenye mahandaki. Hapa ndipo stori imepunguzwa sana. Unaingia kwa kuinama, unaoneshwa pa kulala, pa kufunga mifugo, tundu la hewa, kisha unaambiwa kwamba Wachagga walijificha humu kuwakimbia Wamasai. Watu wanatingisha vichwa, wanatoka, wanajifuta vumbi magotini. Wamasai walishambulia kweli, hilo halina ubishi. Lakini mtu anayetoka pale akidhani adui alitoka nyikani tu amedanganywa nusu.

Uchaggani kulikuwa na tawala nyingi, kila moja na mangi wake, na zilipigana zenyewe kwa zenyewe. Nusu ya pili ya karne ya 19 majina makubwa yalikuwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, na Mangi Sina wa Kibosho. Hawa walikuwa wababe haswa. Waliteka ng'ombe wa majirani, walichoma vihamba, na waliteka watu. Misafara ya pwani ilikuwa inapanda mlimani kutafuta pembe za ndovu na watumwa, ikija na bunduki na nguo. Mateka wa jirani alikuwa na bei. Hata baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa mwaka 1873, huku bara biashara haikufa siku hiyo.

Kwa hiyo mama aliyejibana mle ndani na mtoto, akimziba mdomo asilie, inawezekana kabisa aliyekuwa juu yake anamsikilizia alikuwa anaongea Kichagga kama yeye. Pengine walikuwa wameoleana. Stori hiyo haipendezi kumwambia mgeni aliyelipia kiingilio, na haipendezi pia kuwaambia wenyeji, maana wajukuu wa pande zote mbili wanakutana kwenye harusi na misiba. Kumtupia Mmasai lawama zote ni rahisi, yeye hayupo pale kujibu. Waliouzwa pwani majina yao hayapo popote. Rindi na Sina vitabu vimewajaa.

Hapo hapo Marangu kuna Kinukamori. Kwa maporomoko tu ni ya kawaida, ukitoka Materuni utaona kama bomba limeachwa wazi. Kinachowavuta watu ni sanamu ya binti na chui. Hadithi inasema binti aliyeitwa Makinuka alipata mimba kabla ya kuolewa, na adhabu ya kosa hilo ilikuwa kifo. Akaja kwenye maporomoko ajirushe mwenyewe. Alipofika ukingoni akabadili mawazo, akageuka arudi nyumbani, akakutana uso kwa uso na chui. Akashtuka, akarudi kinyumenyume, akaanguka.

Watu wanapiga picha na chui, wanacheka. Ni simulizi, ichukuliwe kama simulizi. Ila ukiisikiliza vizuri utagundua kuna mtu kakosekana. Binti anatajwa kwa jina, chui kachongwa, aliyempa mimba hayupo. Hana jina, hana sanamu, hata kwenye hadithi ya kutunga hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi siku hiyo. Na binti mwenyewe aliamua kurudi! Sehemu hiyo waongozaji wengi wanaipita mbio ili wafike kwenye chui.

Halafu kilele. Hapa wengi watabisha, lakini kama kuna mita chache za ardhi Tanzania zinazosifiwa kupita kiasi ni zile zilizo mbele ya kile kibao, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Mtu anapanda siku tano au sita, anafika, kichwa kinamgonga, anasimama foleni ya picha, anakaa dakika chache, anageuzwa. Mlima wenyewe, yaani msitu, ukungu, mawe, usiku wa baridi na nyota, ameupita akiwaza kibao.

Vitabu vya shule vinasema Mzungu wa kwanza kuripoti theluji ya Kilimanjaro alikuwa Johannes Rebmann, mwaka 1848, na wasomi wa London wakamkatalia. Kinachoachwa ni kwamba Rebmann hakufika peke yake. Alikuja na kiongozi wa msafara kutoka pwani na wapagazi, na alipouliza ule weupe ni nini, akajibiwa kwa neno moja: baridi. Wenyeji walishajua kwamba kitu kile ukikishika kinageuka maji. Mabishano ya London yaliendelea kwa miaka juu ya jambo ambalo kiongozi wa msafara alilimaliza kwa neno moja.

Mwaka 1889 Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller, Mwaustria, wakafika kileleni tarehe 6 Oktoba. Meyer akapaita kwa jina la Kaiser, akachukua jiwe, jiwe likaenda kwenye jumba la Kaiser kule Potsdam. Alikuwa ameshajaribu mwaka 1887 akashindwa. Kilichobadilika mara hii ni chakula: alipanga kambi kwa hatua, na watu wakawa wanapandisha mahitaji kutoka Marangu ili wale wawili wasilazimike kushuka kila wakiishiwa. Yaani kilele kilifikiwa kwa miguu ya watu waliokuwa wanapanda na kushuka na mizigo. Kati yao Meyer alimtaja kwa jina Muini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki juu kambini kwenye baridi ile akipika na kulinda vitu. Mtu wa pwani, wa joto na minazi, hebu fikiria. Wengine ni "wapagazi".

Marangu wao wana jina lao, Mzee Yohani Kinyala Lauwo, na mwaka 1989, miaka 100 ya safari ile ilipoadhimishwa, alipewa heshima ya kuwa ndiye aliyemuongoza Meyer. Alifariki mwaka 1996. Hesabu ya umri wake inawapa watu kazi, maana ili awepo mwaka 1889 akiwa kijana ilibidi afe akiwa na zaidi ya miaka 120, na wapo wanaotilia shaka. Lakini hata ukimuondoa yeye, kuna mtu wa Marangu aliwaonesha njia ya msituni. Haikujionesha yenyewe.

Mpaka leo mambo ni yale yale. Mgeni mmoja anapanda na kundi la watu, kila mpagazi na mzigo wake kichwani, wanamtangulia, anakuta hema limesimama na chai iko tayari. Kwenye picha ya kibao wapagazi hawapo. Wengi wao kazi yao inaishia kambini, wanamsubiri ashuke.

Wakati foleni zote hizo zinaendelea, kuna mti Old Moshi, sehemu inaitwa Tsudunyi. Hapo tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtoto wa Rindi, pamoja na viongozi wengine 18. Meli alikuwa ameshawapiga Wajerumani vibaya mwaka 1892, mpaka kamanda wao von Bülow akafa. Mwaka uliofuata walirudi na nguvu zaidi wakamshinda. Inasimuliwa kwamba baada ya kunyongwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Familia imekitafuta miaka na miaka. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu yaliyotoka Kilimanjaro na jamaa walio hai, na moja limetambuliwa kuwa la Akida, mshauri wa Meli. La Meli halikuwemo.

Watu wa Moshi mjini wenyewe, wengi hawajawahi kufika pale, na Chemka wameenda mara nne. Kutoka Moshi unaenda Kiboriloni, unachukua gari ya kupanda Old Moshi, ukishuka ulizia mti wa Meli. Wazee wa pale wanaujua, na wakikuona umekuja kusikiliza watakutajia na waliokuwa upande wa pili, wale mamangi wengine waliokaa na Mjerumani siku hiyo. Hao wana majina kabisa.