Ndoa Iliyovuka Mpaka



Tulivuka mpaka na ndoa zetu, lakini vyeti vya wengi vilibaki nyumbani au vilipotea njiani. Tukiwa hapa Tanzania, ndoa iliyofungwa Burundi au Kongo inapimwa kwa sheria ya nani?

Kwetu, kwa urithi wa Wabelgiji, hutazamwa uraia: sheria ya taifa lako inakufuata popote uendapo. Waingereza walishika njia nyingine. Wao huuliza makao ya kudumu ya mtu yako wapi. Njia hiyo iliingia Tanganyika kwa amri ya mwaka 1920, iliyozipa mahakama sheria za Uingereza za kutumia.

Nao walikuwa wamekwisha kukutana na mkimbizi. Mwaka 1792 mtukufu wa Kifaransa, de Bonneval, aliyakimbia mapinduzi ya kwao akaingia Uingereza. Alikaa zaidi ya miaka ishirini, akarudi Ufaransa, kisha akawa anakwenda na kurudi, hata akafia Uingereza mwaka 1836. Wosia wake ulipofika mahakamani mwaka 1838, iliamuliwa kwamba makao yake yalikuwa bado Ufaransa. Aliyekimbia kwa kulazimika hakuhesabiwa kuwa amehama.

Tusiwasifu mno, lakini. Mwaka 1917, katika Kenya ya leo, Jaji Mkuu Hamilton alikataa kumhesabu kuwa mke mwanamke aliyeolewa kimila. Kwake hiyo ilikuwa namna ya kununua mke. Mama zetu wangapi wangekubali kuitwa hivyo?

Tanzania huru iliachana na dharau hiyo kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotambua ndoa za kimila. Kwa ndoa za nje imeshika kanuni ya Kiingereza: pamoja na masharti mengine, iwe imefuata sheria ya mahali ilipofungwa, na kila mmoja awe aliruhusiwa na sheria ya makao yake. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1964, nao unatanguliza makao. Asiye nayo hufuata sheria ya nchi anamoishi. Kifungu hicho hicho cha 12 kinataka haki zilizopatikana kabla, hasa za ndoa, ziheshimiwe.

Waliopoteza vyeti wasome pia kifungu cha 25: hati ambazo mkimbizi angepewa na serikali ya kwao, apatiwe na wakuu wa nchi aliyokimbilia au kwa usimamizi wao.