Maji ya Pilipili

Ukiuliza ni nani alijua kuchora mwanga na maji, wengi watakutajia Monet, Mfaransa. Sawa, alijua. Wachache tu huongeza kwamba naye aliwahi kukimbia vita: mwaka 1870 nchi yake ilipopigana na Prussia alivukia London, na mwaka uliofuata akachora mto Thames ukiwa ndani ya ukungu. Lakini mimi leo nataka kuwaletea mzee wa Kongo, mwenye jina la jikoni: Pilipili Mulongoy.

Alizaliwa 1914, huko Katanga. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji Elisabethville, mji tunaouita sasa Lubumbashi. Iliitwa Hangar, yaani banda. Humo alikuwemo Bela Sara, aliyechora kwa vidole, na Mwenze Kibwanga, aliyejaza picha nzima kwa vistari vifupi. Pilipili yeye alipenda samaki, ndege, mamba na nyoka.

Sasa tazama samaki wake. Nyuma yao kuna nukta na alama ndogo ndogo, mamia kwa mamia, zimepangwa kama mawimbi, karibu pasibaki mahali patupu. Hakuna jua, hakuna kivuli, na bado maji yanatembea na kumetameta. Monet alisimama ukingoni akatazama mwanga ukianguka juu ya maji. Pilipili ni kama ameingia ndani kabisa, na wewe mtazamaji umezama pamoja na samaki.

Nayasema haya kwa sababu ya ukuta mmoja hapa Bwera. Vijana wa kikundi chetu walichora Lhubiriha, mto wa pale Mpondwe ambao wengi wetu tuliuvuka tukitoka Kongo. Waliujaza nukta za bluu, nyeupe na njano. Akaja mgeni mmoja, akasema haya si maji, mng'ao uko wapi, kivuli kiko wapi? Akashauri wafute, waanze upya. Binti wa miaka kumi na tano akamjibu polepole: "Siku ile mimi sikuuona kwa juu. Maji yalinifika hapa," akagusa kifua.

Jioni ile niliwaonyesha picha za Pilipili kwenye simu, na za Monet pia. Romain-Desfossés hakutaka wanafunzi wake waangalie picha za Ulaya, ati zingewaharibu. Hapo simuungi mkono. Rangi na nafasi aliwapa, tumshukuru, ila kumchagulia mtu mzima cha kutazama si kazi ya mwalimu. Alipofariki mwaka 1954 Pilipili hakuacha kuchora. Alifundisha kwenye chuo cha sanaa cha mji huohuo, akaishi mpaka 2007. Mwaka 2015 picha zake zilikuwemo kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, Paris.

Ukuta haujafutwa. Sasa vijana wanabishana juu ya ziwa la chumvi la Katwe, ambako mchana mweupe unaumiza macho na kila kidimbwi kina rangi yake. Wengine wanataka nukta tena. Yule binti anasema hapana, chumvi iachwe ukuta mtupu, wachore vidimbwi peke yake.