Nyasi na Moto Ulugurani

Msitu mbichi wa milima ya Uluguru, Tanzania, hauwaki kwa urahisi. Unaliwa kutoka pembeni, na nyasi ndizo zinazoufikishia moto. Shamba la mlimani likichoka na kuachwa, miongoni mwa magugu yanayolishika ni Imperata cylindrica. Nyasi hii ni ya Afrika, haikuletwa na meli, ila tabia yake ni ya mvamizi. Majani hukauka kiangazi na kuwaka upesi, huku mashina yake yatambaayo chini ya ardhi yakibaki salama, tayari kuchipua kabla ya mche wowote wa mti. Kila moto huipanulia eneo.

Watawala wa kikoloni Waingereza walidhani dawa ya moto huu ni amri. Mpango wao wa matumizi ya ardhi Ulugurani, wa miaka ya 1950, ulipiga marufuku kuchoma mashamba na kuwalazimisha Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, kuchimba matuta ya ngazi, kazi ngumu iliyofukia udongo wenye rutuba. Ghasia za kuupinga, zilizozuka Matombo mwaka 1955, ziliuzika mpango huo. Baadaye msitu ulilindwa kwa njia nyingine: Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ilitangazwa mwaka 2008. Hata hivyo, moto wa kiangazi bado hupanda kutoka mashamba ya chini.