Maktaba ya Parker na Walinzi Wake

Katika mji wa Cambridge, nchi ya Uingereza, kiko chuo kiitwacho Corpus Christi, na ndani yake mna maktaba ambayo habari zake zamfaa kila mtu aliyekabidhiwa vitabu. Vilivyo vya thamani kuu humo havikupigwa chapa, bali viliandikwa kwa mkono, vingi juu ya ngozi za wanyama.

Tuanze na msiba uliotangulia. Tangu mwaka 1536 hata 1540 Mfalme Henry wa Nane alizifunga nyumba za watawa, zilizokuwa hazina za vitabu kwa karne nyingi. Watawa walipotawanyika, vitabu vikawa kama kondoo wasio na mchungaji: kurasa za vingine zilifungiwa bidhaa madukani, na nyingine zilisugulia viatu.

Matthew Parker alikuwa Mkuu wa chuo hicho tangu 1544 hata 1553, kisha mwaka 1559 akawa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwaka 1568 Baraza la Malkia Elizabeth wa Kwanza lilimpa idhini ya kutafuta vitabu vya kale, naye akavikusanya kwa bidii. Miongoni mwavyo ziko Injili zilizoandikwa Italia katika karne ya 6, ambazo kwa mapokeo zahusishwa na ujumbe wa Augustino, aliyefika Kent mwaka 597. Kiko pia kitabu cha tarehe cha mtawa Matthew Paris, ambamo imechorwa picha ya ndovu aliyeletwa Uingereza mwaka 1255, zawadi ya mfalme wa Ufaransa.

Walakini tusimsifu kupita kiasi. Parker alitia alama za chaki nyekundu katika vitabu hivyo, tena alihamisha kurasa kutoka kitabu hiki kwenda kile. Mpenda vitabu naye aweza kuviharibu.

Alipovitoa kwa chuo mwaka 1574, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, hakutumainia mapenzi peke yake. Aliweka sharti: vitabu vikipotea kupita idadi iliyoandikwa, vyote vilivyosalia vihamie chuo cha jirani, Gonville and Caius, na hicho nacho kikizembea, viende Trinity Hall. Wajumbe wa vyuo hivyo viwili walipewa haki ya kuja kuvikagua. Basi jirani awezaye kuirithi mali ndiye aliyewekwa kuilinda! Karne nne na zaidi zimepita, na vitabu vingali Corpus Christi. Tangu mwaka 2018 picha za kurasa zake hutazamwa bure kwa intaneti. Na mwaka 2023 zile Injili zilichukuliwa Westminster, Mfalme Charles wa Tatu alipotawazwa.

Nasi walimu je? Tumeona sanduku la vitabu vya shule likianza mwaka limejaa, likaumaliza limebaki nusu. Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Kila kitabu kiliazimwa na rafiki, nasi tukaona haya kumdai. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na tuandike daftari, kisha tumwombe mwalimu wa shule ya jirani aje alikague kila muhula. Haya zetu tumwonee yule mtoto atakayekuja kesho kutafuta kitabu, akute sanduku tupu.